Ndoo ya Hashimu Buli

Asubuhi ile redio ya fundi viatu ilitangaza kwamba maofisa afya wanapita Kariakoo kufunga vijiwe vyenye maji machafu. Hapo kijiweni kwetu, Mtaa wa Sikukuu, macho yote yakaenda kwenye ndoo ya Hashimu Buli, muuza kahawa. Ndimo vinamosuuziwa vikombe vyetu tangu alfajiri mpaka adhuhuri, maji ni yaleyale.

"Wakinifungia nimekwisha," alisema Hashimu. "Nina watoto sita mimi!"

"Hakufungii mtu," alidakia Khalfani, tunayemwita Spika kwa sababu hanyamazi. "Kuharisha kunaletwa na kuchanganya embe na maziwa. Maji yanahusikaje?"

"Acha ushamba, Spika!" Huyo ni Beno, Dokta wetu tangu alazwe hospitali wiki mbili. "Ni bakteria! Hata Wazungu zamani walidhani kipindupindu kinaletwa na harufu mbaya. Mjerumani mmoja akamwona mdudu kwa hadubini. Mjerumani mwenzake, profesa, akabisha, akaagiza wale wadudu, akawanywa!"

"Weee! Akafa?"

"Wapi! Akaharisha siku kadhaa, halafu akatangaza kashinda."

Spika akajipiga paja. "Huyo ndo mwanaume! Angekuwa Bongo tungempa ubunge! Basi wakija, jibu letu moja: haya maji yananyweka!"

"Yananyweka!" tukaitikia, mimi kwa sauti kuliko wote, maana kahawa ya Hashimu naipenda kupita kiasi.

"Shikamooni," ikasema sauti nyuma yetu.

"Marahaba," tukajibu, tukageuka. Bibi afya! Kitambulisho kifuani kimeandikwa Shamsa. Akachota kikombe kimoja ndooni, akakinyanyua.

"Nimewasikia, wazee wangu. Kama yananyweka, naondoka zangu. Nani anaanza?"

Spika akakumbuka ana msiba Ilala. Dokta akarudi nyuma hatua tatu.

"Dokta, si ulisema profesa alikunywa?" nikamchokoza.

"Yule Mjerumani, bwana. Ana bima!"

Shamsa akanigeukia. Nikainama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.

Akabaki Hashimu. Jasho linamtoka, nikamhurumia kweli.

"Mwanangu," alisema kwa unyenyekevu, "ningekunywa hata ndoo nzima. Ila leo Alhamisi, nimefunga."

Shamsa akaimwaga ndoo yote mtaroni.

"Utafungua kesho, baba, na maji ya moto na sabuni. Swaumu njema. Ila kwanza meza hiyo kashata iliyo shavuni."