Taa za Upande wa Kusini

Jumamosi, 25 Oktoba
Corinne amekubali! Annika atakuwa kwangu Alhamisi, Usiku wa Ombaomba, watoto wanapovaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Mara ya kwanza tangu tuachane. Sharti ni moja: mtoto arudi mzima. Akirudi mzima, ataanza kulala kwangu kila wikiendi. Akirudi na mchubuko, nisahau. Aliyasema hayo kwa ile sauti yake ya upole. Nikamwambia, mama Annika, ondoa shaka, katika mji huu hakuna anayejua usalama kunishinda. Akanitazama juu mpaka chini. Nadhani aliikumbuka ile ngazi iliyoniangusha. Ngazi ilikuwa mbovu, nimeeleza mara ngapi?

Jumapili, 26 Oktoba
Nimeikagua barabara yetu yote nikiwa na fulana yangu ya njano kama ya mafundi wa barabara. Inatisha! Watoto wanavuka huku na kule kama kuku, wakifuata taa. Taa ya barazani ikiwaka, wanabisha hodi, wanatoa kichekesho chao, wanapewa pipi. Ikiwa imezimwa, wanapita. Hivyo ndivyo tulivyolelewa hapa Iowa, hata mbwa wanajua.
Halafu wazo likanijia. Upande mmoja ukizimwa wote, mtoto atavuka kwenda wapi? Hakuna kuvuka, hakuna ajali. Ajabu hakuna aliyewahi kuliwaza.
Tutazima upande wa kusini, yaani ng'ambo ya kwangu. Bi Hruska anakaa upande wa kusini, lakini hilo limetokea tu. Halihusiani hata kidogo na yale machokoleti yake makubwa mazima, wala foleni inayofika getini kwake kila mwaka. Kwangu mwaka jana walikuja watatu. Wawili walitaka choo. Niliwapa zabibu kavu.

Jumatatu, 27 Oktoba
Nimepita nyumba kwa nyumba kutangaza uamuzi wa Kamati ya Usalama. Oleson, jirani wa upande wa kusini, akauliza kamati ina nani. Nikamwambia wajumbe hawapendi kutajwa. Akasema basi vizuri, ataangalia mpira kwa amani.
Bi Hruska alikuwa mgumu. Lyle, mwanangu, akaniambia, watoto wa hapa nimewagawia tangu wewe uko kwenye nepi, leo nikae gizani kama mchawi? Nani nimemkosea? Nikamwambia ni kwa ajili ya watoto. Hapo akalegea. Akasema kama ni kwa ajili ya watoto, atazima. Akaufunga mlango polepole.
Ushindi! Nilirudi nyumbani nikiwa sijisikii vizuri sana. Ikanipita baada ya kula.

Jumatano, 29 Oktoba
Corinne kamleta Annika kujaribu vazi. Popo. Jeusi tii! Mama mzima anamvalisha mtoto rangi ya lami! Nimekaa na sindano mchana kutwa, nikamshonea tepu za kung'aa, mbawa zote, mgongo, masikio. Anaonekana kutoka mji wa pili. Yeye alijitazama kwenye kioo, akajaribu kuficha masikio kwa viganja.
Alitaka kunitolea kichekesho chake cha kesho. Kwa nini zimwi halina marafiki? Limemaliza kuwala wote. Nikamwambia kizuri, ila kirefu, akifupishe. Kusimama mlangoni kwa watu muda mrefu ni hatari. Akauliza atakifupishaje. Sikuwa na nafasi, nilikuwa naondoa mishumaa kwenye maboga.

Alhamisi, 30 Oktoba
Jioni. Kila kitu tayari. Kusini kote giza, kaskazini kote taa. Annika atatembea na mabinti wa Oleson. Mimi nitasimamia kutoka juu ya paa, nina darubini na filimbi; beseni la pipi nimeliacha mlangoni wajichukulie. Ngazi nitaivuta juu, mtoto asije akaipanda. Corinne angeniona sasa hivi!

Ijumaa, 31 Oktoba
Hospitali. Naandika nyuma ya karatasi ya menyu.
Ilianza vizuri. Lazima niandike hivyo kwa sababu ni kweli. Watoto walijipanga upande wetu, na foleni ndefu kuliko zote ilikuwa mlangoni kwangu. Nilimsikia mtoto mmoja akisema pipi ziko kwa huyu mzee wa kwenye paa. Sijafurahi vile tangu Corinne aondoke.
Kumbe watoto walikuwa wanamcheka Annika kwa zile tepu. Eti wewe, barabara imefungwa wapi? Eti tupite njia ipi? Akaingia nyuma ya ua wa michongoma, akang'oa tepu zote, akazitia kwenye ndoo ya pipi. Sikuona. Nilikuwa nafokeana na baba mmoja aliyekuwa chini kuhusu tochi yake kali.
Bi Hruska alikuwa amezima taa kama alivyoahidi. Lakini alisimama kizingitini, gizani, na chokoleti moja. Kila mwaka humwekea Annika. Annika anajua. Akavuka mbio.
Dereva aliyemgonga ni muuguzi, binti mdogo, alikuwa anawahi zamu. Amewaambia polisi kwamba aliona taa za barazani za upande wake zote zimezimwa, akajua huko pipi zimekwisha na hakuna mtoto atakayevuka kwenda huko. Kwa hiyo akakanyaga mafuta. Analia mpaka sasa pale kwenye benchi. Hakukosea. Mtu yeyote wa hapa angewaza hivyo.
Nilisikia mlio wa breki. Nikapuliza filimbi. Sijui kwa nini. Niliendelea kuipuliza mpaka Bi Hruska akapaza sauti, shuka, Lyle! Shuka uje kwa mtoto wako! Nilikuwa na ngazi mikononi, ikagoma, mguu wake mmoja ulinasa kwenye bomba la maji ya mvua. Nilipofika chini, bibi yule alikuwa amepiga magoti kwenye lami na soksi tu, kichwa cha mwanangu mapajani mwake. Annika hakuwa akilia. Hilo ndilo lililoniogopesha.
Paja limevunjika mara mbili. Nyonga pia. Amekuwa kwenye chumba cha upasuaji tangu jana usiku, madaktari wametoka, wamerudi tena.
Corinne hakunifokea. Aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema kwenye paa. Akaniuliza tena, kama vile hakusikia.

Jumapili, 9 Novemba
Annika yuko kwa mama yake, na vyuma mguuni. Daktari anasema atatembea, lakini hataki kusema kama atakimbia.
Wikiendi hazipo tena. Nitamwona kila Jumapili, sebuleni kwa Corinne, Corinne akiwa amekaa palepale. Niliona si haki, nikaanza kusema, akaniangalia. Nikaacha.
Leo Annika ameongea na mimi kwa mara ya kwanza tangu ajali. Mwakani, akasema, hataki vazi wala tepu. Anataka nitembee naye tu, nimshike mkono. Hicho tu, baba. Corinne akageukia dirishani.
Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Mtoto ana akili kuliko sisi wote! Kosa liko wazi sasa. Tulizima upande mmoja tu. Mwakani tunazima pande zote mbili, na sehemu moja tu ndiyo iwake, yaani kwangu, hapo kila jicho linajua pa kutazama. Nimeshaongea na Oleson, anasita, ila atakubali.
Na suala la mkono nimelimaliza. Binti mkubwa wa Oleson amekubali kumshika, tena hatamwachia hata dakika. Mimi mwenyewe ningependa, lakini nitahitajika juu ya paa.