Boti Iliyoteremka Mlima wa Gikondo

Wenzangu wa Buyenzi, leo nimeadhirika. Nawaandikia upesi kabla dereva wa basi la kuja huko ng'ambo ya mpaka hajawafikishia habari akiwa ameitia chumvi. Haihitaji chumvi.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Zaina mke wangu anashonea watu nguo kutwa nzima, mimi napika, nafua, nang'arisha sakafu. Mtu akiiona sakafu yangu anavua viatu bila kuambiwa. (Cheka taratibu, Saidi, najua umeshaanza.) Lakini majirani wamenisema mpaka Zaina amechoka, na mimi nimechoka kumwona amechoka. Basi kaka yake, shemeji Hamisi, mwenye gereji hapa hapa Gikondo, akaniita.

"Shemeji, kuna boti ya kupaka rangi. Ikimpendeza mwenyewe, kazi ya rangi hapa gerejini ni yako. Isipompendeza, rudi kwenye masufuria."

Boti! Kigali! Mji ambao hata maji ya kuoga yanabebwa kichwani kupandishwa mlima! Kumbe ni boti ya alumini ya Mzee Gaspari wa Kibuye, anavushia watu Ziwa Kivu, imeletwa hapa kuchomelewa. Ikikaa majini sana inaota ukoko wa kijani tumboni, konokono nao wanahamia, na mwendo unakwisha. Ndiyo maana tumbo lake linapakwa rangi maalumu yenye dawa, ukoko usishike. Rangi hiyo mzee aliinunua huko kwenu, bandarini, akatuonya: "Hii iko ya alumini. Ile ingine yenye shaba musiguse, inakula alumini kama mchwa."

Nilifanya kazi, naapa. Nikapiga msasa mpaka vidole vikakosa alama. Nikaosha mafuta. Nikapaka rangi ya chini, ikakauka, nikapaka ile ya dawa, nikarudia. Jana nililala nikiwa fundi.

Leo asubuhi nafika gerejini, Hamisi hayupo, kaenda kutafuta mafuta ya mazuti ya magari. Boti imelala kifudifudi. Nikaitazama. Rangi imefubaa! Nyekundu ya tofali lenye vumbi, haina mng'aro hata wa dawa. Na mzee anakuja adhuhuri. Atasema nimeichanganya na maji, na kazi imekwenda. (Baadaye nimeambiwa rangi hiyo huwa haing'ai, ndivyo ilivyoumbwa. Asanteni kwa kuniambia baadaye.)

Sasa mtu wa nyumbani akiona kitu chekundu kimefubaa, anafanya nini? Nikakimbia nyumbani. Nikatwaa kopo la nta nyekundu ya sakafu, brashi, na kipande cha blanketi kuukuu.

Zaina hakuinua hata uso kwenye cherehani. "Unapeleka wapi nta?"

"Kazini."

"Kazini kuna sebule?"

Nikatoka mbio. Mwanaume mwenye wazo hachelewi.

Jamani, nilisugua! Magoti chini, mkono unazunguka, nyimbo mdomoni. Nilipomaliza niliona meno yangu kwenye tumbo la boti. Nilijipenda. (Ni mara chache, niacheni.)

Adhuhuri Mzee Gaspari akafika na lori na wanaume wanne wa kubeba. Hamisi naye akarudi. Akasimama, akakunja uso.

"Shemeji, mbona inang'aa hivi?"

"Ufundi, shemeji."

Mzee akaitazama kwa mbali, miwani yake iko mfukoni. "Eh! Iko mzuri sana!" Hamisi akanipiga bega. Nikaona kazi ile pale, imekaa inaningoja.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, lori likaogopa tope la gereji, likabaki barabarani. Wanaume wakaigeuza boti, wakainua. Hatua chache tu, mmoja akalalamika: "Sha, hii inateleza kama samaki!" Mwingine ikamponyoka, nusura imvunje mguu. Wakaamua kuitua kwenye majani, ukingoni pa mteremko, wapumue.

"Wewe fundi," mzee akaniambia, "ingia ndani, tukupe makasia uyapange."

Nikaingia. Mguu wa kwanza, salama. Nikaweka wa pili, nikaona gereji inaondoka.

Nilidhani ni kizunguzungu, sijala tangu asubuhi. Kumbe gereji imetulia. Anayeondoka ni mimi.

"Ruka!" Hamisi akapiga kelele.

Kuruka! Mimi hata kitandani nashuka kwa mpangilio. Nilishika kingo mbili za boti nikakaa kitako, na mlima wa Gikondo ukaanza kupita. Majani yameloa, nta imekolea, hakuna cha kuzuia. Mbuzi akaniangalia, akanipisha. Mama mmoja akakumbatia ndoo yake ya parachichi akageukia ukutani. Pale chini kuna kanisa, na kwaya ilikuwa inafanya mazoezi nje. Sauti ya kwanza ikanyamaza. Besi wakaendelea. Mwalimu wao akanipungia mkono, na mimi, kwa adabu nilizofundishwa, nikampungia pia.

Boti ikasimama bondeni, pua imezama kwenye matuta ya viazi vitamu. Mwenye viazi alikuwa hapo hapo, jembe mkononi.

"Yoo! Wewe, unatoka wapi na boti?"

"Juu, mama."

"Na maji iko wapi?"

"Sijui, mama."

"Basi toka kwa viazi yangu!"

Nikageuka. Mlima wote umejaa watu. Gereji zote zimefunga kazi. Kwaya nzima ipo. Mzee Gaspari akateremka polepole, miwani sasa iko puani. Akainama, akapitisha kidole kwenye tumbo la boti. Akanusa.

"Hii," akasema, "iko harufu ya sakafu ya salo ya bibi yangu."

Wakaanza kucheka walio karibu, kicheko kikapanda mlima nyumba kwa nyumba.

"Mwanangu," mzee akaendelea, yeye hacheki, "ile dawa inatoka kidogo kidogo ndani ya maji, ndiyo inafukuza ukoko. Wewe umeifungia ndani na nta. Nitavusha watu na nini?" Kisha akamgeukia Hamisi. "Mikono yake iko mizuri. Kichwa ndiyo hakijapigwa msasa."

Hamisi hakunitetea. Alikuwa amekaa kwenye tuta, anajifuta machozi, na hayakuwa ya huzuni.

Hukumu ikatolewa hapo hapo kwenye viazi. Kazi ya gereji, sahau. Na alfajiri napakiwa kwenye lori pamoja na boti, nikae Kibuye niikwangue nta yote na rangi yote, nipake upya mbele ya macho ya mzee, nisirudi mpaka iingie majini. Mimi! Ambaye hata Nyamirambo, mtaa wa pili tu, naiita safari!

Nimefika nyumbani, mgongo unauma, suruali nisiiseme. Zaina alishasikia. Begi langu lilikuwa mlangoni, limefungwa, na yeye yuko kitandani kauma mto, mabega yanatikisika.

Basi nawaomba kitu kimoja. Mkishindwa kujizuia, chekeni huko huko Buyenzi. Hapa Gikondo nafasi zimejaa.