Daktari wa Chumba Namba Tatu Anasikiliza Mno

Ndugu Mganga Mkuu,

Baada ya salamu na heshima zako zote, naomba nisizunguke mbuyu. Mimi ni fundi cherehani, mgonjwa wenu wa sukari kwa miaka tisa, na sijawahi kuwasumbua. Sasa nasumbuliwa mimi. Daktari wenu mpya wa chumba namba tatu anasikiliza wagonjwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Haandiki mpaka mtu amalize kusema. Yule aliyemtangulia, Mungu amjalie huko alikohamia, alianza kuandika dawa nikiwa bado natafuta kiti. Foleni ilikuwa inakwenda.

2. Alimwomba mke wangu asubiri kwenye benchi nje. Ndugu Mganga Mkuu, mke wangu ndiye msemaji wa maradhi yangu tangu tuoane. Kazi yangu mimi ni kutoa ulimi nikiambiwa. Nilipoulizwa, "Baba, wewe mwenyewe unajisikiaje?" niligeuka kuutazama mlango.

3. Alitaka nimweleze ninavyomeza vidonge. Nikamweleza kwa fahari: naanza siku mbili kabla ya kliniki, ili nikipimwa nisimwaibishe daktari. Siku nyingine vinapumzika kabatini. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua namna ya kujitetea, lakini yeye alivuta kiti karibu akaniuliza kinachonishinda ni nini.

4. Hili ndilo zito. Akishauliza, ananyamaza. Hatazami saa, hatazami kompyuta, anakutazama wewe. Katika kimya hicho nikajikuta nasema nisilolisema hata nyumbani: kwamba ncha za vidole vyangu zimekufa ganzi, na wiki iliyopita nilijua nimejidunga sindano baada ya kuona damu kwenye gauni la bibi harusi. Fundi asiyeisikia sindano ni fundi wa nini? Niliogopa, na nikamwambia kwamba naogopa. Mtu mzima, na ndevu zangu! Naye akaniambia eti nikimeza dawa kila siku, huenda vidole visiharibike zaidi.

Kwa hiyo naomba ahamishiwe chumba cha maiti, ambako kusikiliza kwake hakutamsumbua mtu. Ikishindikana, mlangoni pake pabandikwe tangazo: HUYU ANASIKILIZA. INGIA KWA HIARI YAKO.

Nisalimie dada wa dirisha la kadi, wauguzi wote, na mzee anayepiga deki huku ametunyanyulisha miguu.

Wako mtiifu, aliyesikilizwa bila ridhaa yake,
Fundi Magauni

N.B. Uhamisho naomba usubiri kidogo. Nilipotoka, mke wangu naye aliomba kuingia, tena peke yake. Nilikaa kwenye lile benchi karibu saa nzima. Alitoka macho mekundu, anatabasamu. Kumbe miaka yote hiyo akieleza yangu, hakuna aliyewahi kumwuliza yake, nami nikiwemo. Tumepangiwa kurudi Jumanne, sote wawili. Tafadhali sana, tumkute chumba namba tatu.