Mistari ya Mkaa kwa Rajabu

Jumatatu, 8 Agosti 1994

Banda la jiko la Vitalis wa kijiji cha Mnyambe limeungua. Wasaka panya walichoma pori, upepo ukageuka, basi. Nyumba yangu ni ya mwisho hapa Makote, nyuma yake pori tupu. Paa la nyasi. Na chini ya kitanda nimeficha magunia sita ya salfa, unga wa dawa ya mikorosho! Biashara huria hii. Nilinunua Masasi, nangoja iadimike. Mke wangu Dorika anasema salfa inashika moto, niitoe. Niiweke wapi, iibwe? Nimemwambia mambo ya biashara aniachie mimi.

Jumanne, 9 Agosti

Nimepata akili! Nimemwendea mwenyekiti wa kijiji, Mzee Cuthbert, shikamoo mara mbili, nikajitolea kukagua hatari ya moto nyumba zote za pembezoni. Kila hatari, mstari mmoja wa mkaa ukutani. Amekubali. Watu wakiogopa watafyeka, moto hautanifikia, na panga sitashika.

Jumatano, 10 Agosti

Nyumba saba tayari. Jirani yangu Rajabu ana paa la bati, birika la saruji la maji ya mvua, uwanja umefagiliwa hadi unang'aa. Huku Dorika anateremka hadi bondeni kuchota ndoo moja! Nilitafuta makosa. Bati linapata joto: mstari. Kuku wana manyoya: mstari. Ikafika mitano. Rajabu akacheka tu, akanikaribisha uji. Kwangu nyasi zimegusa upenu. Nikajipa sifuri. Mkaguzi awe na doa?

Ijumaa, 12 Agosti

Balaa! Mwenyekiti ametangaza kijiji kizima kifyeke, kuanzia nyumba yenye mistari mingi. Watu arobaini kwa Rajabu! Wameparua hadi udongo mwekundu. Nikasema hata kwangu kuna nyasi kidogo. Mama Isabela, mmoja wa wafyekaji, akautazama ukuta wangu, akasema sifuri ni sifuri, hongera. Alasiri nimeona moshi bondeni. Nimemwambia Dorika tufyeke. Yeye kafyeka, mimi nimechunga upepo.

Jumapili, 14 Agosti

Nyumba imeungua. Moto ulipanda jana saa nane mchana, unanguruma. Nilitoka mbio na daftari hili tu. Nikamwita Dorika, simwoni. Nikajua yumo ndani, yeye na salfa yangu. Nikataka kuingia, miguu ikakataa. Nikalia mbele za watu, nikasema chukueni kila kitu, nirudishieni mke wangu. Kumbe yuko kwa Rajabu, anachota maji birikani! Moto umekufa kwenye ule udongo mwekundu. Na salfa alishaihamishia stoo ya Rajabu tangu Alhamisi, gunia moja moja kichwani, nilipokuwa narandaranda na mkaa. Siku mbili nimetetemeka juu ya sakafu tupu!

Jumatatu, 15 Agosti

Rajabu na mkewe Adija wametupa chumba, shuka na chakula. Sijapata usingizi hata kidogo. Chumba chetu kimepakana na stoo, na stoo ina magunia sita ya salfa! Mtu mzima anaishije hivi, tena ana wageni? Asubuhi nimeokota mkaa kwenye majivu ya nyumba yangu, nikamwongezea Rajabu mstari wa sita ukutani.