Githeri ya Duke

Jumatatu, 7 Agosti 2006
Mama Becky ameenda Mombasa na watoto, wiki nzima. Mimi, mtunza bustani wake, nimeachiwa mbwa, Duke. Jukumu zito! Kwenye friza kuna kilo tano za nyama ya kusaga. Za mbwa! Miaka mitatu niko hapa Lavington, sijaonja nyama siku ya kazi. Nimewaza. Duke atakula githeri yangu ya mahindi na maharagwe. Nyama nitaishughulikia mimi. Selpher, mpishi, asijue.

Jumanne, 8 Agosti
Mambo safi. Duke amemaliza githeri yote na kulamba mfuniko. Nyama nimeikaanga na vitunguu. Tamu ajabu! Selpher ameuliza mbona chumba changu kinanukia harusi. Nimesema ni majirani. Ana wivu tu.

Jumatano, 9 Agosti
Saa sita mchana. Leo nilimpa Duke sufuria nzima. Akaimaliza, kisha akakimbiza paka wa jirani bustani yote. Sasa tumbo limefura. Anajaribu kutapika, hakitoki kitu, ni povu tu. Anaketi, anasimama, anazunguka. Nimesema ni gesi. Hata mimi githeri hunifanya hivyo. Nimempa chai ya tangawizi. Ameikataa.

Selpher akaja. Akapiga tumbo kwa kidole, likalia kama ngoma. Akainua mdomo wa Duke: fizi nyeupe! Akaniambia mbwa wa tajiri wake wa zamani, kule Woodley, alianza hivi hivi saa sita, na saa kumi wakamzika. "We Zadock, pigia daktari saa hii!" Nikasema tungoje kwanza ajambe. Ukweli ni kwamba niliogopa. Daktari atauliza alikula nini, na kazi yangu itaisha hapo hapo.

Duke akaanguka ubavu, akanitazama. Moyo ukanipasuka. Nikatoa simu, nikamflashi Daktari Muigai, anayemtibu Duke, mara mbili, ili anipigie yeye. Selpher akaninyang'anya simu akapiga kama watu.

Alhamisi, 10 Agosti
Duke yuko hai! Jana daktari alifika mbio, akapitisha mpira kooni mpaka tumboni. Hewa ikatoka. Lo! Harufu ya githeri ikajaa baraza nzima. Nikaangalia maua. Daktari akasema tumbo likifura ghafla na mbwa akitapika bila kutoa kitu, hakuna kungoja. Nusu saa zaidi tungekuwa tunachimba shimo. Akauliza maharagwe yametoka wapi. Nikasema Duke aliiba sufuria yangu. Selpher akakohoa. Daktari akaondoka na Duke, amwangalie kwenye kliniki.

Selpher amekubali kunyamaza, ila nifue mapazia yote ya nyumba. Roho mbaya!

Jumapili, 13 Agosti
Mapazia kumi na manne! Mikono imechubuka. Duke amerudi, anatingisha mkia, hana kinyongo. Mama Becky amepiga simu akilia, akinishukuru kwa kumwokoa mbwa wake. Nimepokea shukrani zote, maana Selpher alikuwa kanisani. Dalili nimezikariri: tumbo, povu, fizi. Kosa halitarudiwa. Kosa lilikuwa maharagwe.

Daktari ameagiza Duke ale kuku wa kuchemsha wiki mbili, bila mifupa. Kuku! Wiki mbili! Nimemwangalia Duke, naye ameniangalia. Nimeanza kumenya viazi vya kuponda. Mukimo yangu haina hata haragwe moja.