Samaki kwenye Karata za Mjomba

Jumatatu, 3 Machi
Mjomba hainuki tena kitandani. Moyo, kasema daktari. Nimesikitika sana. Gereji ataachiwa nani? Hana mtoto. Wapwa tuko wawili: mimi, na mtoto wa mama mdogo, tunayemwita Kimya, ambaye anajua injini tu na hana mpango wowote maishani. Mjomba siku hizi hataki habari nyingine ila poka, ule mchezo wa karata. Kila alasiri anacheza na Kimya na muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili, wanawekeana njiti za kiberiti. Poka siijui. Lakini ukijua maneno, nani atakuuliza mchezo? Nimenunua kijitabu cha maneno yake.

Jumanne, 4 Machi
Nilijiandikia kiganjani: BB, dau kubwa la lazima. SB, dogo. Jasho likafuta kila kitu. Mjomba akauliza BB iko kwa nani. Nikajibu bibi hajambo, anakusalimu. Muuguzi akaficha kicheko kwenye leso. Njiti zangu zote zimekwenda kwa nusu saa. Lakini nimepata jina la mapenzi! Mjomba kaniita Samaki wetu.

Alhamisi, 6 Machi
Kijitabu, ukurasa wa tisa: samaki ni mchezaji mjinga, wenzake humla. Sikugusa chakula cha mchana.
Alasiri Mjomba akamnong'oneza muuguzi kwamba ana nati. Kwa mtu wa gereji, nati ni nati. Pengine ya kufungia sanduku la hati za gereji! Alipobebwa kwenda kuoga nikapekua godoro, mito, mpaka soksi. Kimya akanikuta mvunguni. Akanieleza, bila kucheka, kwamba nati ni karata zisizoshindika. Nikamwambia najua sana, natafuta karata iliyoanguka. Akapiga magoti akanisaidia kuitafuta. Ana dharau huyu!

Jumamosi, 8 Machi
Balaa. Nilikuwa mlangoni nikamsikia Mjomba, sauti imemkauka: "Naingoja riva tu. Ikija riva, yamekwisha."
Riva ni mto, hilo nalijua. Mgonjwa akianza kungoja mito, ameshaweweseka. Nikaupigia simu ukoo mzima. Wakaja kumi na wanne, mama mkubwa mbele, analia kwa sauti. Wakamkuta Mjomba ameketi anapanga njiti. Riva ni karata ya mwisho inayofunuliwa mezani.
Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Mjomba hakukasirika. Miaka sita hakuwa amewaona wote pamoja. Alimshika dada yake mkono hadi jua likazama. Nilipoaga akaniambia, "Mwanangu, achana na maneno. Njoo ukae tu."
Nikaahidi. Zimebaki kurasa kumi na moja.

Jumanne, 11 Machi
Leo sikwenda. Nilikuwa nanakili kurasa za mwisho kwa herufi kubwa. Saa kumi na moja jioni Kimya akapiga simu. Mjomba hatunaye.
Alizitazama karata zake, akazilaza kifudifudi juu ya blanketi, akasema, "Nafoldi, wanangu." Wakadhani ni mchezo. Muuguzi akagawa upya. Ndipo wakamtazama vizuri.
Neno hilo nalijua. Ukurasa wa kwanza: kujitoa.
Nimelia. Kweli nimelia.

Jumapili, 16 Machi
Wosia umesomwa. Gereji ni ya Kimya. Mimi nimeachiwa pakiti ya karata. Muuguzi akanivuta pembeni, akaniambia taratibu kwamba alasiri ile Mjomba aliniulizia mara tatu. Kila mlango ulipolia alidhani ni mimi.
Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Kosa langu nimeliona: kile kijitabu nilichelewa kukinunua.
Mama mkubwa ana nyumba ya vyumba saba, na tangu mazishi anakohoa. Anapenda sataranji. Dukani kuna kitabu cha mchezo huo, kurasa mia mbili. Naanza kesho. Anasema yuko peke yake, nipite hata leo. Nimemwomba anivumilie. Nitakwenda nikishakimaliza.