Mahindi ya Karantini

Mungu humgawia kila mja riziki yake. Wakhungu wa Kitale aligawiwa yake asubuhi moja ikiwa imefungiwa mandazi mawili. Ilikuwa karatasi iliyong'olewa katika kitabu cha mafunzo ya viwanda vya dawa, maneno na maana zake. Kabla hajalamba mafuta vidoleni, alikuwa ameshajua kwamba bechi ni dawa yote inayotengenezwa kwa mkupuo mmoja, kwamba sehemu kubwa ya kidonge ni kijazio tu, mara nyingi wanga wa mahindi, na kwamba kitu kikiletwa kiwandani hukaa karantini, hakiguswi wala hakilipiwi, mpaka kipimwe. Hilo la kutolipiwa halikuwa kwenye karatasi. Aliliongeza mwenyewe, maana msomi mzuri husoma hata pambizoni.

Mtu mwingine angeitupa karatasi. Wakhungu aliinunulia suti.

Baada ya wiki mbili alikuwa Bungoma, upande wa Kabuchai, amekodi stoo tupu, ameipaka chokaa, na kando yake amejenga kijumba cha kubadilishia nguo chenye milango miwili ya bati, mmoja wa nje, mwingine wa kuingia stoo. Wakulima wakaitwa.

"Wazee wangu, nyinyi mnalima chakula. Nani aliwaloga? Limeni dawa! Mahindi yenu ni kijazio daraja la famasia. Bei mara tatu."

"Mara ngapi?" aliuliza Mukhwana, mzee wa kanisa mwenye mahindi mengi kuliko wote, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

"Tatu. Lakini kwanza karantini."

"Kalantini si ni ya ugonjwa, bana?"

"Hapana, mzee. Ni heshima. Ushawahi kuona ugali ukiwekwa karantini?"

Hoja hiyo ilikosa mpinzani. Kufikia Jumamosi stoo ilikuwa na magunia mia moja na ishirini. Mukhwana peke yake alileta arobaini, hata yale ya kula mpaka Agosti. Tena akabeba na sita ya Mama Emmy, mjane wa marehemu ndugu yake, yote aliyokuwa nayo. Hakumuuliza. Mjane huulizwa nini?

Mama Emmy alikuja mwenyewe Jumatatu, kitambaa cha kanisa kichwani, mikono nyuma. Alizunguka stoo polepole, wakulima wakimtazama.

"Habari ya kazi, mwanangu?"

"Mzuri, mama."

"Maji ya kutengeneza dawa mnatoa wapi?"

Wakhungu alionyesha mtungi wa plastiki wa manjano pale kona.

"Ah. Bwana asifiwe."

"Amina," alisema Wakhungu. Alipenda wanawake wa maswali mepesi.

"Na anayetengeneza bechi ni nani?"

"Ni mimi."

"Anayeipima na kuiachilia?"

"Pia mimi."

Mama Emmy akawageukia wakulima. "Hiyo haiwezekani. Nimefagia kiwanda cha dawa Nairobi miaka kumi na moja. Anayetengeneza ni mwingine, anayeachilia ni mwingine, na ufunguo wa karantini hukaa kwa huyo mwingine."

"Si ni sheria!" alipiga kelele Mukhwana, ambaye siku tatu zilikuwa zimemtosha kuwa mtaalamu. "Ama hapa si famasia?"

Wakhungu alimtazama mama. Mfagiaji. Darasa la saba. Mtu wa amina. Moyo wake ukachangamka: mtu wa kuitikia kila kitu angempata wapi bora kuliko huyu?

"Basi nani anafaa kuliko wewe, mama?" alisema, akamkabidhi funguo zote mbele ya watu. Alidhani hiyo ndiyo akili.

Alfajiri ya Jumatano lori lilifika kutoka Kitale, dereva wake Kipkemei, ameshalipwa safari. Mnunuzi wa mahindi, si wa dawa, alikuwa anangoja huko mchana.

"Mama, bechi imefaulu," alisema Wakhungu. "Fungua tupakie, inaenda Kitale kusagwa."

"Imefaulu? Nani amechukua sampuli?"

"Eh... nachukua sasa."

"Basi vaa. Vyako viache hapa nje."

Ile karatasi nayo ilisema haingii mtu bila kubadili nguo, angebisha vipi? Aliweka simu chini, akavua saa, pete, viatu na suti, akavaa joho jeupe, kofia, barakoa na mifuko ya miguuni.

"Hata suruali, mama?"

"Suruali ndiyo mbaya zaidi. Imekaa kila mahali."

Akaingia kijumbani. Komeo la nje likalia kah!

"Nifungulie wa ndani, mama."

"Wa ndani hufunguliwa kilichopimwa, mwanangu. Wewe bado."

Kisha akasikia mlango mkubwa wa stoo ukifunguliwa, na wakulima wakipakia magunia kwenye lori.

"Inaenda wapi hii?" aliuliza Kipkemei.

"Inarudi kwa wenyewe. Anza na Kabuchai hapa."

"Na bosi?"

"Yuko karantini."

Kipkemei alifikiri kidogo. "Mimi nililipwa kuendesha, mama. Kuuliza sikulipwa."

"Na mara tatu yangu, shemeji?" Sauti ya Mukhwana ilikuwa karibu kulia.

"Pakia, shemeji."

Akapakia. Sita ya kwanza aliyapakia bila kuambiwa ni ya nani.

"Mama!" Wakhungu alipiga bati. "Mimi ni mtoto wa watu!"

"Najua. Ndiyo maana nataka kukuombea."

Akamwombea, maombi marefu, hakumsahau hata mama yake mzazi. Alifungua komeo saa nane, lori likiwa limemaliza nyumba ya mwisho.

"Nguo zangu? Simu?"

"Kiwandani kila bechi huwekewa sampuli, swali likija baadaye," alisema Mama Emmy. "Yako iko kwa chifu. Enda uchukue, anakungoja na askari wawili."

Wakhungu hakuwa na haraka ya kumwona chifu. Alishika njia za mashambani, na joho lake, na mifuko yake miguuni, akatokea Kamukuywa siku ya soko.

"Daktari!" aliita kikongwe mmoja, akinyoosha mguu uliovimba. "Nitazame huu."

Nyuma yake watu walianza kupanga foleni, wengine wakifungua noti kutoka pembe za leso. Wakhungu alizitazama noti hizo. Mdomo ukafunguka wenyewe, kama kawaida yake. Akageuka kuangalia barabara aliyotoka, kama kuna kitambaa cha kanisa kinachokuja, akaufunga tena.

"Kukhu, nyanya yangu," alisema, "enda hospitali."

Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kweli aliyowahi kumpa mtu. Foleni nzima ilimzomea mpaka akatoka sokoni, wakisema huyu ni daktari gani, hana hata kidonge.